Maisha ya Walter Rodney, Mwalimu wa Historia



Kila muhula ukurasa huu hueleza maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, na safari hii kamati ya gazeti imenipa mimi kazi hiyo. Najua wengi wenu mlitazamia nitamwandika chifu wa zamani au mpigania uhuru wa nchi hii. Nimemchagua mtu wa mbali, mwenyeji wa Amerika ya Kusini. Nimemchagua kwanza kwa sababu alifundisha Dar es Salaam miaka mingi ya ujana wake, na kitabu kilichomfanya ajulikane duniani alikiandika akiwa kwetu. Tena wanafunzi wa kidato cha sita wameniuliza mwaka huu, si mara moja wala mbili, ya kwamba mtaalamu akigundua jambo la kweli ambalo wenye fedha hawalipendi, au wenye serikali hawalipendi, atalitangaza kupitia kwa nani, na mshahara wake atalipwa na nani. Kwa swali kama hilo ni afadhali kutazama maisha ya mtu mmoja kuliko kusikiliza hotuba.

Walter Anthony Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi 1942 katika mji wa Georgetown, makao makuu ya nchi iliyokuwa ikiitwa British Guiana, ambayo tangu kupata uhuru mwaka 1966 huitwa Guyana. Nchi hiyo iko pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini, walakini watu wake husema Kiingereza, na desturi zao zafanana na za visiwa vya Karibi. Babu za wengi wao walichukuliwa kutoka Afrika kwa utumwa. Watumwa walipoachwa huru kabisa mwaka 1838, matajiri wa miwa wakaanza kuleta Wahindi kwa mikataba ili kazi ya mashamba isisimame. Baba yake Walter alikuwa fundi wa kushona nguo, na mama yake naye alikuwa mshonaji. Hawakuwa watu wa kulala njaa, wala hawakuwa na mali ya kusema.

Yafaa mjue jambo moja juu ya nchi hiyo, maana lasaidia kuelewa yaliyofuata. Kampuni moja ya Uingereza, Booker Brothers, ilikuwa na sehemu kubwa ya mashamba ya miwa na viwanda vya sukari, na maduka mjini, na meli za kuchukulia sukari hadi Ulaya. Wenyeji walizoea kutania kwamba zile herufi B.G. za jina la nchi yao maana yake ni Guiana ya Booker. Mtoto aliyekua mahali kama hapo hakuhitaji kufundishwa darasani ni nani mwenye nguvu.

Baba yake alikuwa mfuasi wa chama cha People's Progressive Party. Mwaka 1953 ulipofanywa uchaguzi wa kwanza ambao watu wazima wote walipiga kura, Walter, mtoto wa miaka 11, alipewa kazi ya kugawa karatasi za chama nyumba kwa nyumba. Chama kikashinda. Baada ya siku 133 tu Waingereza wakaleta askari, wakaisimamisha katiba, wakaiondoa serikali iliyochaguliwa. Hilo nalo lilikuwa somo.

Kwa kuwa alikuwa hodari, akapata nafasi ya msaada wa masomo katika Queen's College, shule iliyosifika kuliko zote mjini Georgetown. Huko alisifiwa kwa mambo mawili: midahalo, na mchezo wa kuruka juu. Nawaambia hasa ninyi wa chama cha midahalo ambao hudhani kwamba kushinda mdahalo ni kupiga kelele: kijana huyu alishinda kwa kusoma zaidi ya wenzake. Mwaka 1960 akashinda tena msaada wa masomo, akaenda Chuo Kikuu cha West Indies kilichoko Mona, Jamaica, na mwaka 1963 akapata shahada ya daraja la kwanza katika historia. Kutoka hapo akaenda London, katika Chuo cha Elimu ya Nchi za Mashariki na Afrika, kutafuta shahada ya udaktari.

Hapa nataka tusimame kidogo tutazame kazi yenyewe, maana wengi hudhani historia ni kukariri miaka. Rodney alitaka kujua biashara ya utumwa ilifanya nini katika pwani ya Guinea ya Juu, yaani kuanzia mto Gambia hadi Cape Mount, kati ya mwaka 1545 na 1800. Watu wa pwani ile hawakuacha maandishi mengi. Walioandika ni Wareno na wafanyabiashara wengine, na barua zao na hesabu zao zimehifadhiwa Lisbon, Seville na Roma. Basi ikambidi ajifunze Kireno na Kihispania, akaenda kukaa katika nyumba za kumbukumbu, akasoma karatasi ambazo ndani yake mwanadamu ameandikwa kama bidhaa. Kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta katika hesabu za muuzaji habari za yule aliyeuzwa.

Alichokiona kiliwaudhi wataalamu wengine. Wakati ule ilikuwa kawaida kuandika kwamba Wazungu walikuta utumwa umeenea Afrika tangu zamani, nao walinunua tu kilichokuwa sokoni. Rodney akaonyesha kwamba katika pwani ile aliyoichunguza, maandishi ya mwanzo kabisa ya Wareno hayaonyeshi tabaka la watumwa. Utumwa wa ndani ulikua pamoja na biashara ya ng'ambo na kwa sababu yake. Jambo hilo alilitoa mwaka 1966, mwaka ule ule alipopata udaktari akiwa na umri wa miaka 24. Tasnifu yake ikawa kitabu kilichotolewa na Clarendon Press ya Oxford mwaka 1970. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba Rodney aliandika kwa hasira kwa sababu hakuweza kuandika kitaalamu. Mlango wa Oxford ulikuwa wazi kwake.

Mwaka 1965, akiwa London, alimwoa Bibi Patricia Henry. Walipata watoto watatu, Shaka, Kanini na Asha. Majina yenyewe yaonyesha moyo wa wazazi ulielekea wapi.

Katika mwaka 1966 alikuja kufundisha Dar es Salaam, chuo kikuu kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Alifika wakati wa moto. Mwezi Oktoba mwaka huo wanachuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Rodney aliyatazama hayo yote kwa macho ya mwanahistoria, lakini hakukaa sana. Mwanzo wa 1968 alirudi Jamaica kufundisha katika chuo alichosomea.

Huko Kingston hakuridhika kufundisha vijana wa chuoni tu. Jioni na siku za Jumapili alikwenda katika mitaa ya maskini, katika viwanja na vibanda, akakaa chini pamoja na watu wa Rastafari na wengine wasio na kazi, akawaeleza historia ya Afrika na kuwasikiliza. Serikali ya Waziri Mkuu Hugh Shearer iliona mambo hayo kuwa hatari. Mwezi Oktoba 1968 Rodney alikwenda Montreal, Kanada, kuhudhuria mkutano wa waandishi weusi. Ndege yake iliporudi Kingston tarehe 15 akakatazwa hata kushuka. Kesho yake wanachuo wakaandamana, wakazi wa mji wakaungana nao, fujo zikazuka, watu wakafa na mali nyingi ikaharibiwa. Mwalimu wa historia alifukuzwa katika nchi kwa sababu ya masomo aliyoyatoa nje ya darasa.

Sasa sikilizeni jinsi elimu inavyopata njia. Kulikuwa na mume na mke wenyeji wa Guyana waliokuwa wakiishi London, Bw. Eric Huntley na Bibi Jessica Huntley. Hawakuwa wenye viwanda vya kuchapa, wala hawakuwa matajiri. Waliona kwamba kama hotuba za Rodney hazitapigwa chapa zitapotea, na watu watabaki na maneno ya serikali peke yake. Wakachanga fedha pamoja na rafiki zao, wakaanzisha nyumba ya vitabu ndani ya nyumba yao wenyewe, wakaiita Bogle-L'Ouverture kwa heshima ya Paul Bogle wa Jamaica na Toussaint L'Ouverture wa Haiti. Kitabu chao cha kwanza, The Groundings with My Brothers, kilitoka mwaka 1969. Mimi nawaheshimu watu hawa wawili karibu sawa na Rodney mwenyewe. Mwenye kuandika hupata sifa. Mwenye kununua karatasi kwa akiba yake husahauliwa.

Mwaka huo wa 1969 Rodney alirudi Dar es Salaam, na safari hii alikaa hadi 1974. Nisije nikawadanganya kwamba kwetu alikuta uhuru usio na mpaka. Mwezi Desemba 1969 alitoa hotuba kali katika semina ya vijana, na gazeti la chama, The Nationalist, likamkaripia waziwazi katika tahariri. Rodney akajibu kwa barua ndefu katika gazeti lilo hilo. Hakufukuzwa nchini. Aliendelea kufundisha, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye tofauti kati ya Dar es Salaam na Kingston, ingawa si tofauti ya kujivunia kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Wanachuo wa wakati ule, kina Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walikuwa na gazeti lao dogo lililoitwa Cheche. Mwaka 1970 walitoa ndani yake makala ndefu ya mwanafunzi wa sheria, Issa Shivji. Makala hiyo ilieleza kwamba kutaifisha makampuni hakukumaliza nguvu za wageni, maana kwa mikataba ya uendeshaji na ya utaalamu makampuni yale yale yaliendelea kuchuma kutoka mashirika ya umma. Mwezi Novemba 1970 Cheche likapigwa marufuku pamoja na chama cha wanachuo kilicholitoa. Sababu zilizotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha, na kwamba jina Cheche lilikuwa la kuazima kutoka Urusi. Lakini mwaka 1973 makala ile ile ikatolewa kama kitabu, The Silent Class Struggle, pamoja na maoni ya wataalamu mbalimbali, na Rodney akiwa mmoja wao. Na aliyekitoa ni nani? Ni Tanzania Publishing House, nyumba ya vitabu ya shirika la umma. Mambo ya dunia hayaendi kwa mstari ulionyoka.

Nyumba hiyo ina habari yake. Iliundwa mwaka 1966 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Miaka ile Macmillan ilifanya ubia wa namna hiyo katika nchi kadhaa za Afrika zilizopata uhuru, na faida yake kubwa ilikuwa vitabu vya shule. Fikirini wenyewe: serikali ndiyo mnunuzi wa vitabu vya kiada, na kampuni yenye ubia na serikali ndiyo muuzaji. Kampuni ya namna hiyo yaweza kuchapa hesabu na jiografia miaka mia bila kuona haja ya kuchapa kitabu chenye kuuliza faida za makampuni hutoka wapi. Sisemi Macmillan walikuwa waovu. Nasema biashara ina macho yake, na kuna vitu haivioni. Baadaye nyumba hiyo ikawa mikononi mwa umma kabisa, na mwaka 1972 Bw. Walter Bgoya akawa meneja wake.

Mwaka huo wa 1972 ndipo kilipotoka How Europe Underdeveloped Africa, kitabu cha kueleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilitolewa na nyumba mbili kwa pamoja: Bogle-L'Ouverture ya akina Huntley huko London, na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Neno la mwisho ndani yake liliandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu wa Zanzibar, ambaye mwaka huo huo aliwekwa kizuizini, akakaa humo hadi 1978. Nakala yangu niliinunua Makambako, kwa mchuuzi wa vitabu vya mtumba karibu na kituo cha mabasi, jalada limechakaa na kurasa tatu za mwanzo zimeungwa kwa gundi. Nimeisoma mara nne.

Kitabu hicho kina mambo mawili ambayo wataalamu wengi hawakuyapenda. Kwanza hakina tanbihi chini ya kila ukurasa. Mwisho wa kila sura mna maelezo mafupi tu ya vitabu vya kusoma zaidi. Rodney alikiandika kisomwe na watu wengi, wala hakukiandika ili mitihani ya maprofesa ikisahihishe. Tena katika dibaji alikataa ile desturi ya mwandishi kusema kwamba makosa yote ni yake peke yake. Kwa fikira zake kazi ya elimu hufanywa na wengi, na makosa pia ni ya wengi. Walimu wenzangu hubishana nami hapa. Mimi naona tanbihi ni jambo jema, na nitaendelea kuwakata alama wanafunzi wasiozitumia. Lakini Rodney alikuwa amekwisha kuandika kitabu chenye tanbihi tele, na alijua ni watu wangapi waliokisoma.

Ndani yake hakusema tu kwa ujumla kwamba Ulaya ilifaidi. Alitaja makampuni kwa majina. Sehemu nzima yaeleza Unilever: jinsi kampuni hiyo ilivyokua kwa mafuta ya mawese na karanga kutoka Afrika ya Magharibi na Kongo, hata ikawa miongoni mwa makampuni makubwa duniani kwa sabuni na siagi ya mimea. Jina hilo jirani zetu wa Mufindi walilijua kwa miaka mingi katika mashamba ya chai. Mtu aweza kukubaliana na hesabu za Rodney au kuzipinga, na wako wataalamu waliozipinga kwa hoja nzuri, hasa wakisema amewapunguzia mno watawala wa Kiafrika lawama yao. Lakini kwanza lazima hesabu zitolewe ndipo zipingwe.

Kulitokea jambo jingine mwaka ule ule wa 1972 ambalo hunistaajabisha. Ile kampuni ya Booker ya mashamba ya miwa ilikuwa imeanzisha zawadi kubwa ya vitabu Uingereza, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1969. Mwaka 1972 ilishindwa na mwandishi Mwingereza John Berger. Alipoipokea, mbele ya wageni waalikwa, akaeleza kwamba fedha hizo zatoka katika jasho la watu wa Karibi, akatangaza kutoa nusu ya zile pauni 5,000 kwa chama cha Black Panther cha Uingereza. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mtoto wa Guiana ya Booker alitoa kitabu juu ya makampuni kwa fedha za michango, na fedha za Booker zenyewe zikaleta ugomvi London.

Nisamehewe nikiingiza neno la hapa kwetu. Muhula uliopita mliona gazeti hili lilikuwa na kurasa chache, na wazazi wengine wakauliza. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kulipia karatasi zote, kwa sharti tuondoe makala ya wanafunzi wawili juu ya magunia ya lumbesa katika ununuzi wa viazi. Kamati ilibishana siku mbili. Wengine walisema, kwa haki kabisa, kwamba bila karatasi hakuna gazeti, na bila gazeti hakuna makala yoyote. Mwishowe tukachapa makala ile katika kurasa tulizoweza kuzilipia. Huo si ushujaa wa Rodney, lakini wanafunzi walioketi katika kamati ile hawahitaji tena kuelezwa maana ya swali la kidato cha sita.

Turudi kwa Rodney. Miaka yake ya Dar es Salaam hakuandika juu ya dunia tu. Alikwenda Makerere mwaka 1970 kufanya mdahalo na Profesa Ali Mazrui, na watu wa umri wangu tuliusikia kwa walimu wetu kama hadithi. Aliandika juu ya ujamaa. Tena alichunguza jambo ambalo linatugusa sisi wa Njombe kuliko yote, yaani kazi ya mkonge na manamba. Kitabu chake kidogo juu ya Vita Kuu ya Pili na uchumi wa Tanzania kilitolewa na Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1976. Kingine juu ya vibarua wa kuhama, alichoandika pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago, kilitolewa Hamburg mwaka 1983.

Wazee wetu wanaijua habari hiyo bila kitabu. Wilaya ya Njombe haikuwekewa mashamba makubwa ya mkonge. Iliwekwa iwe ghala la watu. Kodi ilidaiwa kwa fedha, fedha hazikuwako, na fedha zilikuwa Tanga na Morogoro. Wakati wa vita, Wajapani walipoteka Ufilipino na visiwa vya Mashariki mwaka 1942, nyuzi za huko zikakatika, na mkonge wa Tanganyika ukawa na thamani kubwa kwa Waingereza. Ndipo watu wakachukuliwa hata kwa lazima kwenda kufanya kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Kila mtu akapewa namba, na neno manamba likatokana na hapo.

Babu yangu mzaa mama alikwenda manamba mara mbili. Alitoka na blanketi, akarudi na baiskeli na kikohozi kisichopona. Hakupenda kusimulia. Alichokuwa akirudia ni habari ya kipande, ile kadi ya siku thelathini: siku ambayo msimamizi hakuridhika na mafungu ya majani aliyokata haikuandikwa, kwa hiyo mwezi wake ulikuwa na siku arobaini au zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi niliona haya kumtaja babu huyo nilipoandika insha za historia, maana historia niliyosomeshwa ilikuwa ya magavana. Rodney na wenzake walimfanya kibarua kuwa mtu wa kuandikwa.

Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza 1970 na kumalizika 1975. Kabla reli haijamalizika, Rodney alikwisha kuondoka. Mwaka 1974 aliitwa kuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Guyana, akafunga mizigo pamoja na familia yake. Wataalamu wa chuo walikuwa wamemchagua kwa sifa zake. Lakini bodi ya chuo, iliyokuwa mikononi mwa serikali ya Forbes Burnham, ikakataa kumpa kazi. Hapakuwa na kosa la kitaaluma lililotajwa. Alikuwa ametoka kazi moja, na ya pili imefungwa mlango, naye ana mke na watoto watatu wadogo.

Angaliweza kuondoka. Vyuo vya Marekani na Ulaya vilimwita, na kwa kweli alikwenda huko kwa vipindi vifupi, kama vile Hamburg mwaka 1978, akapata riziki, akarudi. Siku nyingine alikuwa katika nyumba ya kumbukumbu za taifa mjini Georgetown akisoma karatasi za zamani za mashamba ya miwa, bila mshahara, akiandika historia ya wafanyakazi wa Guyana, Waafrika na Wahindi pamoja, toka 1881 hadi 1905. Nchi yake ilikuwa imegawanyika vibaya kwa rangi hizo mbili, na wanasiasa walikula kwa mgawanyiko huo. Yeye alionyesha kwa maandishi kwamba watu wa pande zote mbili walinyonywa na mashamba yale yale.

Wakati huo huo aliingia siasa katika chama cha Working People's Alliance. Hapa siwezi kumtenga mtaalamu na mwanasiasa, wala yeye mwenyewe hakukubali kutengwa hivyo. Mikutano yake ya hadhara ilijaa watu. Mwezi Julai 1979 nyumba moja ya serikali na ya chama tawala ikaungua, Rodney na wenzake wakakamatwa na kushtakiwa. Usiku wa tarehe 13 Juni 1980 alikuwa ameketi ndani ya gari la ndugu yake Donald, mjini Georgetown, akijaribu redio ya mawasiliano aliyopewa na Gregory Smith, fundi wa mitambo wa jeshi. Ndani ya redio mlikuwa na bomu. Walter akafa pale pale, umri wake miaka 38. Donald akajeruhiwa, kisha akashtakiwa yeye kwa kuwa na kitu cha kulipuka, akahukumiwa kifungo. Smith akakimbilia Guiana ya Kifaransa, akafa huko mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani.

Kitabu cha wafanyakazi wa Guyana kilitoka mwaka 1981 kwa Johns Hopkins University Press, na mwaka 1982 Chama cha Wanahistoria cha Marekani kikakipa zawadi ya Albert J. Beveridge. Akina Huntley wakaliita duka lao la vitabu huko Ealing, London, kwa jina la Walter Rodney. Na mwezi Aprili 1990 walimu wa vyuo vya elimu ya juu vya Tanzania walikutana Dar es Salaam, wakatoa azimio juu ya uhuru wa wanataaluma. Mwezi Novemba mwaka huo wenzao wa Afrika wakatoa jingine Kampala. Yote mawili yasema mwalimu asifukuzwe wala kunyimwa kazi kwa ajili ya mafundisho yake.

Serikali ya Guyana iliunda tume ya kuchunguza kifo chake mwaka 2014. Taarifa yake ya 2016 ilisema Smith alisaidiwa na vyombo vya dola, na kwamba Burnham, aliyekufa mwaka 1985, alijua. Mwezi Aprili 2021 mahakama ya rufani ikaifuta hukumu ya Donald. Miezi miwili baadaye serikali ikatangaza kwamba cheti cha kifo cha Walter Rodney kitasahihishwa. Kwa miaka 41 kilikuwa kimeandikwa kwamba alikufa kwa ajali. Serikali ilisema kwamba kingeandikwa aliuawa. Na mahali pa kazi ya marehemu, palipoandikwa kwamba hakuwa na kazi, pangeandikwa Profesa.